Nzi wa Maua na Kanzu ya Samweli

Somo: 1 Samweli 2:12-21, Isaya 55:1-3

  

Asubuhi ya leo tutasema habari za mdudu mdogo, halafu tutafungua Neno la Mungu. Na kati ya hayo mawili kuna jambo la kuungama ambalo latuhusu sisi wenyewe tulio wazee wa kanisa. Tumelichukua moyoni kwa muda mrefu, na ni vizuri lisemwe.

Tuanzie shambani, kwa maana wengi wenu ni wakulima. Umepata kuona majani ya sukuma wiki yakikunjamana na kupoteza nguvu. Ukiligeuza jani, chini yake utakuta vidukari, wale wadudu wadogo sana wa kijivu au kijani, wamesongamana kama watu sokoni, wakifyonza maji ya mmea. Sasa angalia tena kwa makini. Mara nyingine katikati yao utaona buu mmoja, mwembamba upande mmoja, hana miguu wala macho, anajikokota polepole kama koa. Wengi wetu tukimwona twamponda kwa kidole, tukidhani kwamba ndiye anayeharibu mboga. Kumbe tumemwua mfanyakazi wetu. Buu huyo chakula chake ni vidukari, naye aweza kuwala mamia kabla hajageuka kuwa mdudu mwenye mabawa.

Mama yake buu huyo ni nzi wa maua. Bila shaka mmemwona, ila labda mlimkimbia. Mwilini ana mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, lakini hana mwiba wala hawezi kumdhuru mtu. Nyigu ana mabawa manne, huyu ana mawili tu. Alama yake kubwa ni kwamba aweza kusimama hewani mahali pamoja mbele ya ua, mabawa yakienda mbio hata huyaoni, kana kwamba ametundikwa kwa uzi.

Nzi huyo akiwa mzima hula utamu wa maua pamoja na chavua, yaani ule unga wa maua. Yeye mwenyewe hali vidukari. Lakini mtoto wake hawezi kuishi kwa maua, lazima apate vidukari. Kwa hiyo mama huyu anapotaka kutaga hana budi kutafuta chakula asichokila yeye. Hupita jani kwa jani akitafuta dalili za vidukari, na akizipata hutaga yai jeupe, dogo kuliko punje ya mchele, karibu kabisa na chakula. Hufanya hivyo kwa sababu mtoto atakayetoka katika yai hilo hataweza kwenda mbali kujitafutia. Asipokuta chakula pale alipozaliwa, basi.

Nzi wa maua wako aina nyingi, zaidi ya 6,000 duniani pote. Wa shambani kwetu tumekwisha kuwataja. Leo twataka tumfuate ndugu yao mmoja anayeishi mbali, katika misitu ya milima ya Asia, kwa kuwa huko limempata jambo ambalo tulipolisoma lilitufanya tunyamaze.

Jina lake kwa wataalamu ni Dideopsis aegrota. Aliyempa jina hilo la pili ni Fabricius, mtaalamu wa Denmark, mwaka wa 1805, na neno hilo aegrota kwa Kilatini maana yake ni mgonjwa. Ni nzi mwenye tumbo pana jeusi na njano, na mabawa yake yana baka jeusi katikati. Huonekana katika nchi nyingi za Asia, naye hufika hata Australia. Sisi twamtafuta katika kisiwa cha Borneo, upande wa Malaysia, katika jimbo la Sabah, kwenye mlima uitwao Kinabalu.

Mlima Kinabalu una urefu wa mita 4,095. Haufikii Mlima Kenya wetu wenye mita 5,199, lakini kwa watu wa huko ni mlima wa kutazamwa kwa heshima. Chini yake wanaishi ndugu zetu Wakristo wengi, wanaomwabudu Bwana yule yule tunayemwabudu sisi. Miteremko yake imefunikwa na msitu wenye unyevu, ukungu ukishuka na kupanda, na ndani ya msitu huo kuna aina nyingi mno za maua yaitwayo okidi.

Moja ya okidi hizo ni Paphiopedilum rothschildianum. Haimei mahali popote pengine duniani ila katika sehemu chache za mlima huo. Ua lake ni kubwa na la fahari. Petali mbili zimenyoshwa huku na huku kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, na kutoka ncha hadi ncha zaweza kufika sentimita 30 hivi, urefu wa rula ya mwanafunzi. Mbele limefanya mfuko kama ncha ya kiatu. Na katikati, juu ya mfuko huo, kuna kingao kidogo chenye vinyweleo vyeusi vyeusi.

Vinyweleo hivyo ndivyo vyenye habari yetu. Nzi wetu anapopita akitafuta mahali pa kutaga, akiviona hivyo huviona kama kundi la vidukari. Hutua. Huona kwamba amefika. Hutaga mayai yake pale pale, kama mama yake alivyofanya na kama bibi yake alivyofanya. Mwaka wa 1985 mtaalamu wa mimea aitwaye John Atwood alieleza katika maandishi yake jinsi alivyomchunguza nzi huyu mlimani Kinabalu, na jinsi mayai yake yalivyokutwa juu ya kingao cha ua.

Lakini vidukari hawapo. Kuna vinyweleo tu. Wala ua hilo halina utamu wa kumpa mama mwenyewe. Naye akiwa katika shughuli yake huteleza na kuanguka ndani ya ule mfuko. Kingo zake ni laini na zimejikunja ndani, hawezi kutoka kwa njia aliyoingilia. Njia iliyobaki ni ya nyuma, nyembamba, yenye nywele za kukanyagia. Hupanda kwa kujibana, na anapojibana hivyo chavua hunata mgongoni mwake. Hutoka, huruka, huenda katika ua jingine la namna ile ile, na hudanganywa tena. Huko ndiko chavua ile hubaki, na ua hupata mbegu. Ua limepata lilichotaka. Mama hakupata kitu. Na buu akitoka katika yai lile, hana miguu, hana macho, na mbele yake hakuna chakula.

Wapendwa, tulipoyasoma haya, mmoja wetu aliuliza swali ambalo huenda na wewe waliuliza sasa. Mungu wetu ni wa kweli. Mbona basi ameumba ua linalodanganya? Tulizungumza sana juu ya swali hilo, na hatutaki kulijibu kwa haraka. Neema tuliyopewa ni kuona tofauti moja. Ua halina moyo. Halijui kwamba kuna buu. Halikukaa usiku kupanga jinsi ya kumnyang'anya mama mtoto wake. Twaliita lidanganyalo kwa sababu sisi twajua maana ya kudanganya.

Hata juu ya ua hilo hilo watu walisema uongo wa kweli kweli. Wafanyabiashara wa Uingereza waliolileta Ulaya katika miaka ya 1880 walitangaza kwamba limetoka New Guinea, mbali kabisa na Borneo, ili washindani wao wapotee njia na faida ibaki kwao. Ikapita miaka mingi mahali pake halisi pasijulikane na wengine, hata likapatikana tena Kinabalu mwaka wa 1959. Tangu hapo wezi wamelichimba mpaka limekaribia kwisha, ijapokuwa mlima ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1964, na biashara ya kuuza nje okidi hizo zilizong'olewa msituni imepigwa marufuku. Ua ladanganya bila kujua. Mtu hudanganya akijua, na baadaye hula chakula chake cha jioni.

Sasa tuje kwa jambo letu la kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja katika ushirika wetu mama mmoja mgeni kutoka mjini. Alikuwa na jamaa katika kijiji cha jirani. Aliketi na akina mama, akaomba vizuri, akajua nyimbo zote bila kitabu. Tulipokuwa tukichanga kwa ajili ya mabati ya kanisa alitoa zaidi ya sisi sote. Alipokuja mara ya tatu alisema anatafuta msichana mwema wa familia ya Kikristo, akae kwake kama mtoto, asomeshwe shule nzuri ya mjini, na jioni amsaidie kazi ndogo ndogo.

Katika ushirika wetu kulikuwa na mjane mwenye watoto watano. Binti yake wa pili alikuwa na miaka 12, mwepesi wa kusoma. Mjane yule hakukimbilia neno hilo. Alitujia wazee, akauliza, "Wazee, mwaonaje?" Sisi tukaona ni majibu ya maombi. Hatukuuliza nyumba iko wapi. Hatukuuliza jina la shule. Tuliandika barua ya kumshuhudia mama yule wa mjini, tukaipiga muhuri wa kanisa, na Jumapili ile tukamwombea msichana mbele ya ushirika. Aliondoka amevaa gauni la kijani alilonunuliwa Krismasi.

Kila mwezi mama yake alipiga simu. Kila mwezi aliambiwa kwamba mtoto hajambo, yuko shuleni, au amelala, au yuko katika masomo ya jioni. Na sisi tulipomwuliza mjane habari, naye akatuambia mtoto hajambo, tulisema Bwana asifiwe, tukaendelea na ajenda.

Ilipita miezi 18. Ndipo dereva mmoja wa kijijini kwetu akaja kutuambia kwamba amemwona msichana yule mjini, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akibeba mtungi wa maji. Tukaenda watu watatu pamoja na mjomba wake. Tulipobisha, aliyefungua mlango ni yeye. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga wa nyumba ile. Alikuwa amevaa gauni lile lile la kijani. Lilikuwa limepauka, na lilikuwa limepanda juu ya magoti, na mikono yake haikutosha tena kwapani. Shule hakuona hata siku moja. Mshahara hakupewa. Hakulia alipotuona. Aliuliza tu kama aweza kwenda kumchukua mtoto mwingine aliyelala ndani, asije akaamka peke yake.

Tulimrudisha nyumbani. Mama yake alimpokea, akamwogesha, akamlisha. Kisha akatoka nje tulikokuwa tumeketi, akasema maneno machache. Alisema, "Yule mama mimi sikumjua. Niliwajua ninyi."

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna.

Msichana yule alirudi shuleni, akakaa na watoto wadogo kuliko yeye. Leo ni mtu mzima, na ametupa ruhusa ya kulisema jambo hili pasipo jina lake. Lakini miezi ile 18 hatukuweza kumrudishia. Ndiyo sababu tuliposoma habari za nzi wa Kinabalu tulinyamaza. Tulimwona mjane wetu akitafuta mahali penye chakula kwa ajili ya mtoto wake, chakula ambacho yeye mwenyewe hakukipata, maana yeye hakusoma. Aliona dalili zote zilizo njema. Na kile kingao kilichomvutia, na vinyweleo vile vilivyofanana na chakula, vilikuwa ni barua yetu na muhuri wetu.

Wapendwa, angalieni kwamba nzi yule si mama mbaya. Hakuwa mvivu. Hakutaga popote tu. Alitafuta kwa bidii, na alifuata dalili ambazo siku nyingine zote zimekuwa za kweli. Kwa hiyo tusimhukumu upesi mzazi ambaye mtoto wake amepotelea mjini, au ng'ambo alikopelekwa na wakala wa kazi, au katika shule yenye jina kubwa, au hata katika nyumba ya ndugu. Mara nyingi mzazi huyo alipenda. Upendo ulikuwapo. Kilichokosekana ni kingine.

Ni kitu gani hicho? Hebu tufungue kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya pili.

Twamjua Hana. Alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, akampata Samweli, na alipomwachisha kunyonya akampeleka Shilo katika nyumba ya Bwana, akamwacha kwa kuhani Eli. Mara nyingi twahubiri habari hiyo kana kwamba Samweli alipelekwa mahali pa salama kabisa. Lakini someni sura ya pili, tangu mstari wa 12. Wana wa Eli walikuwa watu wabaya. Walinyang'anya nyama ya dhabihu kwa nguvu. Baadaye twaelezwa uchafu wao mwingine. Hao ndio waliokuwa wakubwa wa nyumba ile. Kwa nje palikuwa mahali patakatifu, pana madhabahu, pana kuhani mzee mwenye heshima. Kwa ndani palikuwa na wanyang'anyi. Hapo ndipo mtoto mdogo alipokaa.

Tofauti iko katika mstari wa 19. Hapo twaelezwa kwamba mama yake alikuwa akimshonea kanzu ndogo, na kumpelekea mwaka kwa mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu.

Ninyi akina mama mnaoshona mwaelewa mstari huo kuliko sisi. Huwezi kumshonea mtoto kanzu ya kumfaa kama hujui amekua kiasi gani. Mwaka huu mikono imerefuka. Mwaka huu mabega yamepanuka. Hana hakutegemea habari za watu. Hakuridhika na kuambiwa kwamba Samweli hajambo. Alikwenda mwenyewe, akamsimamisha mbele yake, akamvika kanzu, akaona inapofika. Mtoto asiyelishwa, kanzu ingesema. Mtoto anayepigwa, alipovuliwa ya zamani mama angeona. Na mtoto mwenyewe kila mwaka alikuwa na saa yake ya kukaa na mama na kunena lililo moyoni mwake.

Nzi wa maua hutaga akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, harudi kuangalia. Asingedanganywa mara ya pili kama angaliweza kurudi mara moja tu. Sisi hatukuumbwa hivyo. Sisi twaweza kurudi. Na kumbukeni ya kwamba Hana alikuwa amemtoa mtoto wake kwa Bwana, lakini kumtoa kwa Bwana hakukumfanya aache kwenda kumtazama. Sisi tulimwombea msichana yule mbele ya ushirika, tukadhani kuomba kumetosha. Maombi yetu yalipaswa kututia nguvu ya miguu.

Basi, ndugu mpendwa unayesikiliza, huenda una mtoto aliye mbali nawe asubuhi hii. Labda yuko kwa shangazi yake, au shule ya bweni, au ameandikwa kazi ya nyumbani, au yuko nchi ya mbali. Twakuuliza kwa upendo: ni lini ulimwona kwa macho yako? Ukiambiwa leo ununue gauni au shati lake, je, wajua kipimo? Ikiwa hujui, panga safari. Kama huna nauli, mwambie mzee wa kanisa lako, na mzee asikuambie utaombewa tu, akusaidie nauli. Ukifika usikubali kuzungumza na mtoto mbele ya watu wa nyumba peke yake. Mwombe akusindikize dukani, mtembee polepole, umsikilize. Na ikiwa yuko mbali mno kwa miguu, taka kusikia sauti yake mwenyewe, wala si sauti ya mtu akisema kwa niaba yake.

Wewe uliye na mtoto wa mwenzio nyumbani kwako, wewe pia usikie. Ulimwahidi mama yake shule. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 yakataza mtoto kutumikishwa, lakini hata kabla ya sheria hiyo Mungu aliona. Mtoto huyo anapowaandalia wako chai na kuwafungia viatu waende shuleni, halafu yeye abaki na ufagio, kuna anayehesabu asubuhi hizo. Ua haliwezi kutubu. Wewe waweza. Anza leo.

Nanyi majirani, mkijua mtoto anateswa, msiseme ni mambo ya nyumba za watu. Dereva yule hakuwa mzee wa kanisa wala mwalimu. Aliona mtungi wa maji siku ya shule, akasema. Mwendeeni chifu, au afisa wa watoto, au pigeni simu nambari 116 ambayo ni ya bure kwa ajili ya watoto.

Na sisi wazee, wachungaji na viongozi wa akina mama, neno la mwisho ni letu. Watu wanapotuuliza, "Mwaonaje?" wanatupa watoto wao mkononi. Jina la kanisa ni kama ile harufu na ile sura ambayo nzi huifuata. Mahali lilipo, watu huamini kwamba chakula kipo. Ushirika wetu uliamua, baada ya aibu ile, kwamba hatutamshuhudia mtu ambaye hatujaingia nyumbani kwake, na kwamba kila mtoto aliyetoka kwetu kwenda kukaa kwa wengine ameandikwa katika kitabu, na wawili wetu humtembelea. Ni kazi ya kuchosha. Mara nyingine twakuta mtoto hajambo kabisa, tukanywa chai na kurudi. Twamshukuru Mungu kwa safari hizo za bure.

Katika Isaya 55 Bwana awauliza watu wake sababu ya kutoa fedha zao na jasho lao kwa kitu kisichoshibisha, naye awaita waje kwake wale kilicho chema pasipo malipo. Mwaliko huo umeandikwa kwa ajili yetu sote tuliowahi kudanganywa na sura ya chakula. Bwana wetu hatuiti kwa dalili tupu. Aliposema kwamba yeye ni mkate wa uzima, aliutoa mwili wake. Na hakututuma ujumbe kutoka mbali kuuliza kama hatujambo. Alikuja mwenyewe, akakaa kwetu, akaona tulivyo.

Tuombe.

Ee Baba wa mbinguni, wewe uwaonaye watoto wote mahali walipo asubuhi hii. Wako wanaokula na kushiba, na wako walioamka kabla ya wote na hawajatia kitu kinywani. Waangalie hao. Wafariji wazazi waliopeleka watoto wao kwa nia njema wakadanganywa. Utusamehe sisi tuliotoa neno letu kwa wepesi. Wape watoto hao mtu wa kubisha mlangoni, na ikiwa mtu huyo ni sisi, tupe nauli na ujasiri wa kwenda. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki, wapendwa. Tutakutana tena akitujalia. Kwaherini.